Daraja za Masomo katika Vilima vya Kampala

Mzazi wa Kampala akimkuta mtoto wa jirani njiani, aghalabu hamwulizi ana umri wa miaka mingapi, bali humwuliza yuko P ngapi; na mtoto akijibu kwamba yuko P saba, jibu hilo humtosha mwulizaji kujua kwamba mtoto huyo hutoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, kwamba Jumamosi yake si ya mchezo tena, kwamba wazazi wake wamekwisha kuanza kuulizana habari za karo ya mwakani, na kwamba mwezi wa Novemba umebeba hukumu yake. Daraja hizi za masomo, saba za praimari, nne za sekondari ya chini na mbili za sekondari ya juu, zimekaa katika vinywa na fikira za watu muda mrefu hata baadhi yao wamezidhani kuwa ni kaida ya maumbile, kama kwamba Mwenyezi Mungu alipomwumba mtoto alimpimia akili ya miaka saba, akamwongezea ya minne, kisha akamtimizia kwa miwili. Lakini kila mpaka katika mipaka hiyo una mwaka uliochorwa, una mkono uliouchora, na una haja iliyousukuma mkono huo. Na mtu akizifuata habari zake tangu baraza ya Kabaka, mfalme wa Buganda, hata leo, litamdhihirikia jambo moja, nalo ni kwamba mipaka ya shule za Kampala iliwekwa kwa kufuata idadi ya viti, walimu na fedha zaidi kuliko kwa kufuata ukomavu wa mtoto.

Kabla ya shule za wageni kusimama, Buganda ilikuwa na chuo chake, na chuo hicho kilikuwa kasri ya Kabaka. Wakuu wa koo na watawala wa masaza, yaani majimbo, walimpelekea Kabaka wana wao wakiwa wangali wadogo, wakawa abagalagala, yaani vijana wa kutumika kasrini, wakajifunza adabu ya kupiga magoti, ufasaha wa kusema mbele ya wakubwa, namna ya kuamua mashauri, na siri za utawala. Huko nako kulikuwa na daraja: kijana wa baraza kuu, ambako wageni walipokewa, alikuwa na cheo chake, na kijana wa nyumba za ndani, alikokaa Kabaka mwenyewe, alikuwa na chake, na yule aliyepewa usimamizi wa wenziwe alikuwa katika njia ya kupata kijiji, na labda saza, siku za usoni. Hapakuwa na darasa la mwaka wa kwanza wala la mwaka wa pili. Kijana alipanda kwa uaminifu wake na kwa bahati ya kuonekana, na alishuka kwa ghadhabu ya bwana wake, na kushuka huko mara nyingine kulimfikisha kwenye mauti.

Daraja za namna ya pili zililetwa na watu wa pwani. Mwaka 1844, katika enzi ya Kabaka Suuna II, alifika kasrini mfanyabiashara wa Kiarabu aitwaye Ahmed bin Ibrahim, akamweleza Kabaka habari za Mungu mmoja na za ufufuo. Na Muteesa I, mwana wa Suuna, aliyetawala tangu 1856 hata 1884, akaendelea mbele zaidi ya baba yake, akajifunza herufi za Kiarabu na lugha ya Kiswahili, akafunga Ramadhani, akaamrisha misikiti ijengwe, na akawataka vijana wake wasome. Masomo hayo yalikuwa na mpango waujuao vema watoto wa Unguja, Lamu na Mombasa: mwanafunzi huanza na alifu na be, akafundishwa irabu na kuunganisha, akaingia katika Juzuu Amma, akapanda sura kwa sura hata akahitimu Msahafu mzima, na siku hiyo wazazi wakamfanyia karamu. Kitu cha kutiwa maanani katika mpango huo ni kwamba daraja zake zilikuwa ndani ya kitabu chenyewe. Mwepesi wa akili alimtangulia mwenziwe hata kama alianza nyuma yake, mzito alisubiriwa, mtoto wa miaka sita na mtu mzima wa arubaini waliweza kuketi katika mkeka mmoja, na mwalimu hakuwa na sababu ya kumrudisha mtu kwao eti kwa kuwa mahali pa sura ifuatayo pamejaa.

Ni katika hali hiyo ndipo Henry Morton Stanley alipomkuta Muteesa mwaka 1875. Naye alipoondoka alimwachia Kabaka kijana mmoja aitwaye Dallington, aliyekuwa amesomeshwa katika shule ya wamisionari wa Kiingereza huko Unguja, awe msomaji na mfasiri wake wa maneno ya Biblia. Hivyo masomo ya kwanza ya Kikristo katika vilima ambavyo leo ni Kampala yalitolewa kwa Kiswahili, na kwa mkono wa Mwafrika, kabla ya mmisionari yeyote mweupe kuweka makazi pale. Wamisionari wa Kanisa la Kiingereza walifika mwezi wa Juni 1877, fundi na mwalimu Alexander Mackay akawafuata mwaka 1878, na mwezi wa Februari 1879 wakaja Mapadri Weupe wa Kifaransa, akiwemo Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera. Vijana wa kasri wakaanza kugawanyika makundi matatu, wasomaji wa Kiislamu, wa Kiprotestanti na wa Kikatoliki, na kila kundi likawa na utaratibu wake wa kumpandisha mwanafunzi.

Mapadri Weupe walikuja na kanuni iliyoandikwa. Mwanzilishi wao, Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, aliagiza kwamba mtu asibatizwe ila baada ya mafundisho ya miaka minne, miwili ya kwanza akiwa mwombaji anayefunzwa misingi, na miwili ya pili akiwa mkatekumeni anayeingizwa katika siri za imani. Na kanuni hii nadhani ndiyo mgawanyo wa kwanza wa masomo kwa miaka kamili uliopata kutumika katika ardhi ya Buganda. Haukudumu bila kuvunjwa. Mwaka 1886, Kabaka Mwanga alipowakasirikia wasomaji, vijana waliokuwa wangali nyuma ya miaka yao minne walibatizwa kwa haraka usiku na kiongozi wao Karoli Lwanga, akiwemo Kizito aliyekuwa mdogo kuliko wote, na siku chache baadaye, tarehe 3 Juni, wakachomwa moto Namugongo. Katika habari za elimu ya Uganda tukio hilo ni la kukumbukwa kwa sababu hii pia: daraja ya mwisho walipewa kwa kuwa wakati ulikuwa umekwisha, na hakuna aliyepata kusema kwamba hawakustahili.

Upande wa Waprotestanti kipimo kilikuwa kusoma kwenyewe. Mackay alichonga herufi za mti kwa mkono wake, akapiga chapa karatasi za silabi na sala, na watu wakazinunua kwa simbi. Na kwa kuwa karatasi zilikuwa chache na wasomaji wengi, waliizunguka karatasi moja iliyotandazwa chini, na inasimuliwa kwamba wapo waliozoea kukaa upande wa juu wake hata wakaweza kusoma maneno yakiwa yamepinduliwa. Mwanafunzi alianza na karatasi ya silabi, iliyojulikana kwa jina la Mateka, akaenda kwenye Injili moja, kisha nyingine, na aliyeshindwa kusoma aghalabu hakubatizwa. Biblia nzima ya Kiganda ilipotoka mwaka 1896, kazi kubwa ya George Pilkington na wenzake Waganda, ilichapwa nene na yenye mapana madogo ili iingie katika mkebe wa biskuti, mchwa wasiweze kuila. Na mtu aliyemiliki mkebe ule na kilichomo ndani yake alihesabiwa amefika kilele cha elimu. Hapo pia, kama chuoni pwani, daraja zilikuwa katika vitabu, na umri haukuulizwa.

Mambo yaligeuka baada ya Mapatano ya Buganda na Waingereza ya mwaka 1900. Mapatano yale yaligawa ardhi kwa maili, yakaweka kodi ya nyumba, yakawafanya machifu kuwa watumishi wa serikali wenye hati za kusoma na hesabu za kutunza. Na Katikiro, yaani waziri mkuu, Apolo Kaggwa na wenziwe wakatambua upesi kwamba mwana wa chifu asiyejua Kiingereza na hesabu atapokonywa kalamu, na pamoja nayo utawala. Katika miaka michache shule zikapanda juu ya vilima mojamoja: Mengo, ambako Waprotestanti walikuwa wameanza mwishoni mwa karne, Namilyango, iliyofunguliwa na mapadri wa Mill Hill mwaka 1902, Gayaza ya wasichana, mwaka 1905, Budo, mwaka 1906, juu ya kilima ambacho Makabaka hutawazwa, na katika mwaka uo huo shule ya Mtakatifu Maria ya Mapadri Weupe, iliyoanza Rubaga kabla ya kuhamia Kisubi. Ikawa sasa elimu ina ghorofa: chini kabisa vilikuwa vibanda vya nyasi vya makanisa ya vijijini, ambako katekista alifundisha herufi na sala, juu yake shule za vituo vya misheni, zenye walimu waliosoma kiasi, na juu ya zote zile shule za bweni za vilimani, zilizokusudiwa kwanza kwa wana wa machifu. Mtoto wa mkulima aliishia ghorofa ya kwanza, na kilichomzuia huko kilikuwa karo, wala hapakuwa na mtihani uliosema hana akili.

Kwa muda wa robo karne serikali ya Mwingereza iliwaachia wamisionari mzigo wote huo, ikatoa ruzuku ndogo na kuchukua makarani waliokwisha kupikwa. Mwaka 1922 ikafungua chuo chake yenyewe juu ya kilima cha Makerere, kikiwa na wanafunzi 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Na mwaka 1924 ikapitia Uganda ile tume ya Marekani ya Phelps-Stokes, ambayo miongoni mwa wajumbe wake alikuwa James Aggrey wa Gold Coast, ikaisifu juhudi ya misheni na kuilaumu serikali kwa uzembe. Mwaka uliofuata ikaundwa Idara ya Elimu, na mkurugenzi wake wa kwanza, Eric Hussey, aliyetoka kazini Sudan, akaanza kuzipanga shule katika safu. Shule za vibanda zikaitwa za chini ya daraja, zisihesabiwe wala zisipewe ruzuku, ijapokuwa humo ndimo walimokuwamo watoto wengi wa nchi. Juu yake zikaja shule za msingi za lugha za wenyeji. Kisha shule za kati, zilizomwingiza mtoto katika Kiingereza. Kisha sekondari chache. Na mwisho Makerere.

Msomaji atazame jinsi mpaka ulivyochorwa hapo. Kati ya shule ya lugha ya wenyeji na shule ya kati hakukuwa na badiliko kubwa la hesabu wala la jiografia. Kilichobadilika ni lugha. Mtoto aliyefundishwa kwa Kiganda alikuwa anaandaliwa kubaki shambani, na yule aliyevushwa kuingia katika Kiingereza alikuwa anaandaliwa kwa meza ya ofisi. Na kwa kuwa meza za ofisi zilikuwa chache, wavushwaji nao walikuwa wachache. Hata Kiswahili kiliingizwa katika shauri hilo. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya nchi, na maaskofu wakapinga, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa naye akaandika kukataa, akihofu kwamba Kiganda kitazikwa na kwamba Buganda itaburutwa katika muungano na Kenya ya walowezi. Lugha iliyofundisha somo la kwanza katika kasri ya babu yake ikawa imefungiwa mlango wa shule, na ikabaki kwa askari, kwa makuli na kwa watu wa sokoni.

Fauka ya daraja zilizokwenda kwa urefu kulikuwa na ukuta uliokwenda kwa upana. Watoto wa Kizungu walikuwa na shule zao, watoto wa Kihindi zao, zikiwemo za jamaa ya Aga Khan, na watoto wa Kiafrika zao; na ndani ya zile za Waafrika kulikuwa na mgawanyo wa dini, hata Waislamu, ambao mababu zao walitangulia wote kushika kalamu, wakawa nyuma ya wote. Baba Mwislamu aliogopa kumpeleka mwanawe katika shule ya misheni, kwa kuwa aliona wana wa wenzake wakiingia na jina la Musa wakatoka na jina la Moses. Basi wengi wao wakashika biashara, uchinjaji na udereva. Ndipo Mwanamfalme Badru Kakungulu alipotoa ardhi katika kilima cha Kibuli kwa ajili ya msikiti na shule, na katika miaka ya 1940 Waislamu wakaunda chama chao cha elimu, ili mtoto wao aweze kupanda daraja zilezile bila ya kuacha sala yake.

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, haja ya watu waliosoma ikazidi. Mwaka 1952 serikali ikaunda kamati chini ya Bernard de Bunsen, mkuu wa chuo cha Makerere, nayo ikahimiza mafunzo bora ya walimu, nafasi zaidi kwa wasichana, na kupanuliwa kwa sekondari. Na katika mpango uliokuwapo kufikia mwisho wa muongo ule mtoto alisoma miaka sita ya praimari, miwili ya junia na minne ya sinia. Wazee wengi wa Kampala wangali wanaikumbuka junia kwa upendo, na sababu yake inafahamika: ilikuwa ni mahali ambapo mtu angeweza kushuka kwa heshima. Kijana wa junia ya pili, mwenye kaptura yake ya kaki na Kiingereza cha kutosha kuandika barua, aliufanya mtihani wa kumaliza daraja hiyo, na mbele yake zilikuwapo njia kadhaa, sinia kwa aliyefaulu sana, na kwa mwingine chuo cha ualimu, shule ya ufundi, mafunzo ya uuguzi au ukarani. Wala jirani hawakusema ameanguka. Juu ya sinia nako mpaka ulisogezwa: Makerere, iliyofungamana na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, ilikuwa ikiwafundisha wanafunzi wake miaka miwili ya matayarisho kabla ya shahada, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 matayarisho hayo yakahamishiwa katika shule chache kubwa yakaitwa sinia ya tano na ya sita. Kipande kile cha elimu hakikubadilika. Kilihamishwa kilima tu, kwa sababu mabweni ya chuo yalikuwa yanajaa.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, serikali mpya ilitaka watu wake wenyewe wa kuendesha nchi, na iliwataka upesi. Tume iliyoongozwa na Profesa Edgar Castle, iliyotoa taarifa yake mwaka 1963, ilishauri nguvu itiwe katika ubora wa praimari na katika kuongeza sekondari. Na katika mageuzi yaliyofuata, daraja ya junia ikafutwa hatua kwa hatua, mwaka mmoja ukaongezwa juu ya praimari kuwa P saba, na baadhi ya majengo ya junia yakapandishwa kuwa sinia ilhali mengine yakarudishwa kuwa praimari. Hapo ndipo ilipozaliwa hesabu ya saba, nne na mbili ambayo mtoto wa Kampala anaiishi hata leo. Mpango huo ulikuwa na fadhila zake: uliondoa mtihani mmoja, ukapunguza gharama, ukaunganisha shule za rangi zote na dini zote chini ya utaratibu mmoja. Lakini uliondoa pia ile ngazi ya kushukia kwa heshima. Na tangu hapo mtoto wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu akawa na mtihani mmoja wa siku mbili unaomwambia aendelee au akae.

Misukosuko ya enzi ya Idi Amin iliwafukuza Wahindi mwaka 1972, na walimu wengi wa mataifa yote wakatoroka, lakini daraja zenyewe hazikuguswa. Mtihani ulioandaliwa kwa ushirikiano wa nchi tatu za Afrika Mashariki ulivunjika Tanzania ilipojitoa mwaka 1971 na Kenya ilipofuata mwishoni mwa muongo, na mwaka 1983 Bunge likapitisha sheria ya kuunda baraza la mitihani la taifa, UNEB. Mtoto wa P saba hupimwa katika masomo manne, Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii; kila somo hupewa namba tangu moja, iliyo bora, hata tisa, na jumla ya namba hizo huwa kati ya 4 na 36. Mwenye 4 hadi 12 yumo katika kundi la kwanza. Mwenye 13 yumo katika la pili. Na kati ya wa 12 na wa 13 hakuna tofauti ya elimu ambayo mwalimu yeyote angeweza kuionyesha, ila iko tofauti ya mapokezi nyumbani.

Anayetaka kuiona hukumu hiyo ikitekelezwa angeingia katika ukumbi mkubwa wa maonyesho wa Lugogo, ambako kwa miaka mingi wakuu wa sekondari wamekutana mwanzo wa mwaka kuchagua wanafunzi wa sinia ya kwanza. Kila mkuu huketi nyuma ya meza yenye jina la shule yake, akiwa na marundo ya fomu walizojaza watoto kabla ya mtihani, zinazotaja shule walizozichagua kwa utaratibu wa kwanza, pili, na kuendelea. Mkuu wa shule mashuhuri huanza na wenye 4, akahesabu, akaenda kwa wenye 5, akahesabu, na viti vyake vinapojaa huandika namba ya mwisho, nayo huwa ndiyo mpaka wa mwaka huo. Fomu zilizosalia hufungwa kamba na kupelekwa meza ya shule ya pili katika chaguo la mtoto, na ikiwa huko nako pamejaa, kwa ya tatu. Nje ya ukumbi wazazi husimama na simu sikioni. Mwaka mmoja mpaka wa shule huweza kuwa 6, mwaka mwingine ukawa 8, kwa hesabu ya vitanda vya bweni na wingi wa waombaji. Na mtoto yuleyule mwenye akili ileile angepita mwaka huu na kukataliwa mwaka ujao. Hapa mtihani ni chekeche, na tundu za chekeche hupimwa kwa ukubwa wa gunia linalosubiri chini.

Tume iliyoongozwa na Profesa William Senteza Kajubi, iliyotoa taarifa yake mwaka 1989, iliuchunguza mpango mzima, na Waraka Mweupe wa serikali ukafuata mwaka 1992. Hata hivyo saba, nne na mbili zikabaki. Kilichobadilika ni idadi ya wanaoingia. Mwezi wa Januari 1997 serikali ilianza kuwalipia karo ya praimari watoto wanne wa kila nyumba, na waliokuwa kiasi cha milioni 3 wakawa zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja, wengine wakisoma chini ya mwembe wakiwa mia na zaidi kwa mwalimu mmoja. Mwaka 2007 sekondari nayo ikafunguliwa bila ya karo, lakini kwa aliyepata jumla isiyozidi 28. Chini nako ikaota daraja mpya isiyoamriwa na tume yoyote, ile ya Bebi, Mido na Topu, inayofundishwa katika nyumba za watu binafsi kila mtaa wa mji, hata mtoto wa miaka mitatu akawa na sare, ripoti, na sherehe ya kuhitimu yenye joho na kofia. Na katika mwaka uo huo wa 2007 ukaja mtaala unaotaka P ya kwanza hadi ya tatu wafundishwe kwa lugha ya nyumbani, P ya nne iwe ya kuvukia, na P ya tano kwenda juu iwe ya Kiingereza. Mpaka wa zamani wa Hussey ukarudi, safari hii kwa hoja ya kumfaa mtoto, ijapokuwa Kampala, mji wa makabila yote, shule nyingi zimeng'ang'ania Kiingereza tangu siku ya kwanza.

Kisha ukaja mwaka ambao mipaka yote ililala. Tarehe 20 Machi 2020 shule za Uganda zilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, na hazikufunguliwa kwa wote ila tarehe 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Baadhi ya majengo ya shule za binafsi mjini yaligeuka nyumba za kulala wageni; wasichana wakapata mimba, wavulana wakauza chapati na kuendesha bodaboda; na shule zilipofunguliwa, watoto wakaruhusiwa kuingia darasa lililo mbele ya lile waliloliacha, aliyekuwa amejifunza kitu nyumbani na aliyekuwa hakugusa kitabu. Kwa siku zile chache watu waliona wazi kwamba namba ya darasa na elimu iliyomo kichwani ni vitu viwili, na kwamba serikali ikiona haja inaweza kuupitisha umati mzima mpakani bila ya mtihani.

Majirani zetu nao wamekuwa wakichora upya. Kenya, iliyokuwa na saba, nne na mbili kama sisi, ilihamia nane, nne na nne mwaka 1985, na sasa imerudisha daraja ya junia, ambayo watoto wake wa kwanza waliingia mwaka 2023, ikalalamikiwa kwa upungufu wa walimu na maabara. Tanzania katika sera yake mpya imeipunguza shule ya msingi iwe miaka sita na kuifanya elimu ya lazima iwe miaka kumi, mtoto asikatwe njiani. Uganda ilibadili mtaala wa sinia ya chini mwaka 2020, na humo Kiswahili kikawa somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika praimari na sekondari. Na mwaka 2021 iliundwa tume chini ya Amanya Mushega ya kuupitia upya mpango mzima wa elimu.

Katika muda wa zaidi ya karne moja na nusu, basi, Kampala imejaribu daraja za kasri, za Msahafu, za ubatizo, za lugha, za rangi, na za namba. Na kila mara wale waliochora walijua hesabu ya viti kabla ya kuwajua watoto. Sisemi kwamba daraja ziondolewe, kwa kuwa masomo yasiyo na utaratibu ni mashaka kwa mwalimu na kwa mwanafunzi. Nasema kwamba anayeuweka mpaka na atangulize kujenga chumba kilicho ng'ambo yake, na amtengenezee njia ya heshima yule atakayesimama hapo, kama junia ilivyowatengenezea baba zetu. Kila mwaka watoto zaidi ya laki saba huketi kufanya mtihani wa P saba katika nchi hii, na sekondari zetu haziwatoshi. Mpaka siku zitakapowatosha, mzazi asimpige mwanawe kwa sababu ya 13.